Filamu ya ndoa yako haiko Netflix

Kuna ulizo moja ambalo wasikilizaji wetu wa Goma hawachoki kulileta, kwa simu ya redio na hata barabarani: siku hizi ambapo kila kitu kiko kwenye simu, bado mtu anaweza kutoa dola zake kununua lekteri ya DVD? Vijana wanacheka. Wanasema DVD ni kitu cha wazee, imekwisha pamoja na kaseti. Na wana ushahidi wao. Netflix yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa kutuma disiki za DVD kwa posta kule Marekani, na kazi hiyo ya disiki ikaifunga tarehe 29 Septemba 2023. Ikiwa wenyewe wameacha, sisi tunang'ang'ania nini?

Mimi nasema wenyewe wameacha kwa sababu intaneti kwao imejaa nyumbani kama moshi wa makala ulivyojaa jikoni kwetu. Wanalipa mara moja kwa mwezi, wanaangalia mpaka wanasinzia. Sisi tunanunua mega kidogo kidogo, kama mafuta ya kupimiwa kwenye kifuniko cha chupa.

Tufanye hesabu. Filamu ya picha ya kawaida, si ile safi sana, inakula karibu giga moja kwa saa moja. Picha safi inaweza kula giga tatu. Filamu ya saa mbili, hata kwa picha ile ya chini, ni giga mbili, na ikiisha huna kitu mkononi. Kesho watoto wakiomba kuirudilia, unanunua forfe nyingine. Tena watu wanane hawawezi kuangalia simu moja bila ugomvi. Disiki moja ya DVD ya kawaida inabeba giga 4,7, na ukiirudilia mara mia haikuombi hata mega moja.

Tusisahau pia kwamba intaneti yetu ina watu wenye kuifunga. Uchaguzi ulipigwa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, na tulikaa karibu siku 20 bila kitu. Waliokuwa na disiki nyumbani waliendelea kuangalia.

Lakini nitasema ukweli. Ikiwa unachotaka ni filamu tu, zile za Nigeria, zile za Tanzania za marehemu Steven Kanumba, au klipu za ndombolo, basi usinunue lekteri. Kuna vijana wenye ordinatere karibu kila mtaa ambao wanakujazia fulashi yako kwa franka kidogo, na televizyo nyingi za sasa zinasoma fulashi zenyewe. Kwa hilo vijana wana haki, na mwenye duka akikuambia vingine anatafuta kuuza.

Sababu yangu ni nyingine. Ni zile disiki ambazo hakuna mtu mwingine duniani anazo.

Kwa miaka mingi hapa Kivu ya Kaskazini, ndoa haikuwa ndoa bila mtu wa kamera. Alikuja kwenye mahari, kanisani, kwenye karamu, halafu baada ya wiki mbili au tatu analeta disiki, na jina la bwana na bibi limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mweusi. Ubatizo pia, sherehe ya diploma, na hata kilio: watu waliweka kwenye disiki mazishi ya mzee, hotuba za ukoo, kwaya ikiimba. Hizo zilichomwa nakala moja, mbili, labda tatu. Yule wa kamera alifuta kwenye ordinatere yake ili apate nafasi ya ndoa ya Jumamosi nyingine. Kwa hiyo disiki iliyo mkononi mwako si nakala ya kitu kilichohifadhiwa mahali. Ndiyo kitu chenyewe.

Halafu vita. Watu wa Masisi na Rutshuru wanajua vizuri kuliko mimi mtu anabeba nini anapokimbia: godoro, sufuria, bidoni ya maji, mtoto mgongoni. Na ule mfuko wa plastiki wenye kadi ya mchaguzi, kadi za chanjo za watoto, diploma, karatasi ya shamba kwa aliyekuwa nayo. Fungua mfuko huo na mara nyingi utakuta disiki mbili tatu zimefungwa ndani ya kitambaa. Sisi wa mjini tulifanya vilevile wakati Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tulipoambiwa tuondoke mitaa kumi ya Goma. Tulikwenda Sake, tulikwenda Minova, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na ule mfuko haukuachwa.

Sasa fikiri mtoto aliyezaliwa safarini. Ana miaka sita au saba. Anasikia kila siku kwamba kwenu kulikuwa na nyumba, kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na babu aliyependa kuchekesha watu. Kwake hizo ni hadithi kama hadithi za sungura. Lakini kwenye disiki ya ndoa ya mama yake, nyuma ya bibi arusi, nyumba inaonekana. Miti ya mikaratusi inaonekana, na kilima, na ng'ombe wa jirani waliopita wakati kamera inapiga. Na babu anaongea, kwa sauti yake. Mtu wa kamera hakutaka kupiga nyumba wala kilima, alikuwa anatafuta keki. Leo keki si kitu, na kilima ndicho watoto wanaomba kirudishwe nyuma waone tena.

Hiyo haiko Netflix. Haiko YouTube. Iko ndani ya ule mfuko, na bila mashine ya kuisoma ni plastiki tu.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenye disiki za namna hiyo, mimi niko upande wa kununua. Na kwa sababu unanunua kwa kazi hiyo, utachagua tofauti na mtu anayetafuta filamu.

Ukienda Birere, au Kadutu kama uko Bukavu, usikubali disiki ya mwenye duka. Disiki yake ni mpya, imetoka kiwandani, na hata lekteri mbovu inaisoma. Beba za kwako, na kati yake beba ile yenye mikwaruzo kuliko zote. Disiki za kuchomwa zinarudisha mwanga kidogo kuliko zile za kiwandani, ndiyo maana lekteri moja inazikataa na nyingine inazipokea. Soma nyuma ya disiki au pembeni ya tundu lake: utakuta imeandikwa DVD-R au DVD+R, na zile za zamani sana zinaweza kuwa VCD, ambayo ni CD ya mega 700 tu. Mashine unayolipia isome zote ulizobeba. Na usitosheke na dakika mbili za mwanzo. Lekteri inasoma kuanzia katikati kwenda ukingoni, na matatizo ya disiki za kuchomwa hujificha sana ukingoni. Shika telekomandi, ruka mpaka mwisho wa filamu, angalia kama picha inakwama. Mchuuzi akikasirika, nenda kwa jirani yake. Birere haina uhaba wa maduka.

Wauzaji watakuongelea sana habari ya kanda. Ni kweli kwamba filamu za kiwandani zina namba: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Japani na inchi za Uarabuni ambako bidhaa zetu nyingi zinapitia, na sisi wa Kongo tuko kwenye 5. Mashine ya kanda moja inaweza kukataa filamu ya kanda nyingine. Lakini disiki ya ndoa yako haina kanda. Hakuna aliyeifunga. Ukikuta mashine iliyoandikwa 0 au ALL ni vizuri, lakini usiongeze dola nyingi kwa ajili ya hiyo.

Umeme ndio jambo kubwa zaidi. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi au Tanzania wanatuma vitu kwa moyo mwema, na lekteri ni moja ya vitu hivyo. Kabla ya kuiunganisha, geuza, soma kule nyuma. Ikiandikwa 100-240V, iko salama. Ikiandikwa 110 au 120 peke yake, ukiichomeka kwenye volti 220 za kwetu itatoa moshi siku hiyohiyo. Na hata yenye kufaa inahitaji kulindwa, kwa sababu moto wa kwetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Weka stabilizeri, au angalau chomoa kila kitu moto ukikatika, na uchomeke tena baada ya dakika chache.

Kwa nyumba zinazotumia pano ya jua, habari ni nzuri. Lekteri ya DVD haina tamaa: nyingi zinakula wati 10 hadi 15. Ukiongeza televizyo ndogo ya LED, yote pamoja ni kama wati 40. Batri ya volti 12 yenye amperi 50 kwa saa ina wati 600 kwa saa ndani yake, lakini batri ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae. Nusu inakupa masaa sita hivi ya kuangalia. Kuna lekteri zenye tundu la kuingiza volti 12 moja kwa moja. Hizo ni bora kwa mtu wa pano, kwa sababu hupotezi nguvu kwenye konvertisere. Lakini soma vizuri. Nyingine, hasa zile ndogo za kubeba, zinataka volti 9, na ukizipa 12 umeziua. Waya huo mwachie fundi wa redio.

Zile ndogo zenye kioo chake ndani, zinazojifunga kama kitabu, zinapendwa na watu wanaohamahama. Mimi sizikatazi. Zinaingia mfukoni, hazihitaji televizyo. Ila batri yake ya ndani inachoka haraka, na pale kioo kinapokunjika ndipo waya wake unapokatikia. Ukinunua moja, hakikisha ina tundu la kutoa picha kwenye televizyo, ili siku kioo kikifa usipoteze mashine nzima.

Angalia matundu ya televizyo yako kabla ya kutoka nyumbani, yapige picha kwa simu. Lekteri za zamani zinatoa picha kwa waya tatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Televizyo mpya nyingine hazina tena hayo matatu, zina HDMI, au tundu moja dogo linalohitaji waya wake maalum. Nimeona watu wamerudi na mashine nzuri ambayo haina mahali pa kuingia.

Kuhusu fulashi, hapa ndipo wengi wanadanganyika. Lekteri ina tundu la USB, mwenye duka anasema inasoma kila kitu, unafika nyumbani, inacheza miziki na picha lakini filamu inakataa. Lekteri nyingi za bei ya chini zinajua filamu za AVI tu, za aina ya DivX au Xvid. MP4 inayotoka kwenye simu haziijui. Tena nyingi zinataka fulashi iliyopangwa kwa FAT32. Jaribu dukani na fulashi yako mwenyewe yenye filamu yako mwenyewe. Blu-ray? Usijisumbue nayo. Hakuna ndoa ya Masisi iliyochomwa kwenye Blu-ray.

Mashine ya mkono wa pili si mbaya, ikipita majaribio hayo yote. Kinachochoka kwanza ni jicho la ndani linalosoma disiki, na vumbi la lava la mji wetu haliliachi salama. Funika mashine kwa kitambaa ikiwa haifanyi kazi. Disiki ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, si kwa kuzungusha. Si petroli, si sabuni ya unga. Na usiziweke juu karibu na mabati wala kwenye shiti linalopigwa na jua: joto na mwanga vinaua rangi iliyo ndani ya disiki za kuchomwa hata kama haijakwaruzwa hata kidogo.

Najua kuna atakayesema: bwana, watu wanatafuta unga, wewe unaongea habari ya DVD. Ana haki. Kwa mama aliye chini ya shiti bila moto wala mlango wa kufunga, sishauri anunue mashine yoyote. Lakini familia nne za kijiji kimoja zinaweza kuwa na lekteri moja. Kanisa linaweza kuwa nayo. Familia iliyowapokea wageni mara nyingi tayari ina televizyo. Nyumba moja, Jumapili moja kwa mwezi, watu waje na disiki zao. Na tafadhali, isigeuke kuwa nyumba ya video ya kulipisha watoto mpaka usiku wa manane; hiyo ni biashara nyingine na nitaiongelea siku nyingine.

Na hata ukiwa na lekteri nzuri, tengeneza nakala. Disiki ya kuchomwa ya miaka kumi na tano iko karibu na mwisho wake, na hakuna fundi wa kuifufua. Peleka kwa kijana wa ordinatere, mwambie akufanyie nakala nzima ya disiki kama ilivyo, na nyingine ya MP4 kwa simu. Nakala moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu anayeishi mji mwingine, Beni, Bukavu, Kampala, popote. Mji mmoja ukipatwa na taabu, mwingine bado uko.

Ila hapo ukae karibu naye mpaka amalize. Usiache disiki ukaenda sokoni. Ndani yake kuna sura za watu, majina ya wazee, jina la kijiji, nani ni shemeji ya nani. Kwa watu waliokimbia, hayo si mambo ya kuzunguka kwenye simu za watu usiowajua. Kazi ikiisha, aifute kwenye ordinatere mbele ya macho yako, na kwenye kile kikapu cha takataka cha ordinatere pia. Ikiwa hataki, lipa kazi yake na utafute mwingine kesho.

Anza na zile za zamani kuliko zote, na zile zenye sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Na kuna disiki ambazo kila lekteri inasema hazina kitu, wakati ukizigeuza kwenye mwanga unaona wazi sehemu iliyochomwa, yenye rangi tofauti kidogo na iliyobaki. Mara nyingine yule wa kamera alisahau kuifunga disiki mwishoni mwa kazi, na lekteri ya nyumbani haisomi disiki isiyofungwa. Ordinatere yenye programu ya kuokoa inaweza bado kuzitoa picha. Hizo msizitupe, na msiwape watoto wazichezee kama magurudumu ya motokari za mabati. Ziwekeni mfukoni na nyingine mpaka mpate mtu wa kuzijaribu.